Kutoka Kulelewa Hadi Kujitegemea: Mwongozo Kamili wa Kuingia Utu Uzima

Wanaokwama katika safari hii hukwama mahali pamoja, na malalamiko yao nimeyasoma mara nyingi hadi nayajua kabla sijafika mwisho. Mmoja amehama kwao, kwa hasira au kwa furaha, amepanga chumba, na baada ya miezi michache yuko mlangoni kwa wazazi na begi lake na madeni. Mwingine hajahama. Ana miaka 24, anasoma au anafanya kazi, lakini bado anaamshwa, anapikiwa na kukumbushwa miadi ya daktari, kisha analalamika kwamba nyumbani wanamwona mtoto.

Kwa nje wanatofautiana, ila kosa lao ni moja. Wote wawili wamengoja utu uzima uje wenyewe: huyu kwa kubadili makazi, yule kwa kuhesabu siku za kuzaliwa. Haji mtu kukukabidhi utu uzima. Unauhamisha mwenyewe, jukumu baada ya jukumu, kutoka mikononi mwa waliokulea hadi mikononi mwako. Usiruke hatua. Wengi walioanguka waliruka ya pili.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari moja la karatasi. Simu inafaa pia, lakini simu ndiyo hiyo hiyo inayokupotezea muda. Daftari halina kingine cha kukuonyesha.
- Faili au bahasha ngumu ya nyaraka: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, vyeti vya shule, kadi ya bima ya afya kama unayo, kadi ya chanjo. Weka nakala zake mahali pengine tofauti.
- Kalenda unayoitazama kila siku.
- Akaunti ya pesa yenye jina lako, ambayo nywila yake unaijua wewe tu.
- Mtu mzima mmoja asiye mzazi wako: shangazi, mjomba, mwalimu wa zamani, bosi mwenye busara. Utamhitaji siku ambayo wewe na wazazi hamuelewani na marafiki zako hawajui zaidi yako.
- Muda wa mwaka mmoja hadi miwili. Ndiyo, mwaka. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu waliokuwa wakijijengea tabia mpya za kila siku. Ilichukua wastani wa siku 66 kabla jambo halijaanza kufanyika bila kujisukuma. Wepesi walitumia siku 18, na kwa wazito makadirio yalifika 254. Ukijitwika mambo kumi kwa wiki moja utayatua yote kumi.

Neno moja kuhusu umri kabla hatujaanza. Shirika la Afya Duniani linauweka ujana wa balehe kati ya miaka 10 na 19. Umoja wa Mataifa, katika takwimu zake, humhesabu kijana kuwa mwenye miaka 15 hadi 24. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unachora mstari kwenye miaka 18. Ubongo nao una ratiba yake: sehemu ya mbele, inayopanga, kupima matokeo na kuzuia pupa, ndiyo ya mwisho kukomaa, na huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Kwa hiyo sheria inaweza kukuita mtu mzima wakati breki zako bado hazijakamilika. Ndiyo maana mwongozo huu unategemea sana karatasi, kalenda na kungoja: ni vya kukusaidia kipindi ambacho kujizuia bado ni kazi.

## Hatua ya 1: Andika nani anabeba nini

Chukua daftari. Orodhesha kila kazi inayofanya maisha yako yaende kwa wiki moja, kisha mwezi, kisha mwaka. Mbele ya kila mstari andika M kama unaifanya mwenyewe, W kama kuna mtu anakufanyia, na S kama hujui nani anaifanya.

Wengi huandika kupika, kufua, kusafisha na kulipa, wakafunga daftari. Hapo hujafika hata nusu. Kazi kubwa zaidi nyumbani haionekani: ni kukumbuka. Nani anakumbuka kwamba sabuni inaisha? Nani anajua tarehe ya mwisho ya ada? Nani anajua dawa gani inakudhuru, nani alipiga simu kumjulia hali bibi aliyelazwa, nani aliona kiatu kimeanza kuachia kabla hakijaachia kabisa? Mtu anayeosha vyombo kila akiambiwa hajalibeba jukumu la vyombo. Amekopesha mikono tu, kichwa kinachofanya kazi ni cha mwenzake.

Ukiwa na mistari chini ya thelathini, rudia. Ukimaliza vizuri utaona aibu kidogo, na alama za W na S zitakuwa nyingi kuliko ulivyodhani. Huo ndio ushahidi kwamba hatua hii imefaulu.

## Hatua ya 2: Zungumza na waliokulea, ukiomba mzigo

Hapa ndipo vijana wengi hupotea. Huenda kwa wazazi kudai uhuru: kurudi saa wanayotaka, kutoulizwa, kuachwa. Mzazi anayesikia "niacheni" huku bado anawafulia hana sababu ya kuwaacha. Akiombwa mzigo, mambo hubadilika, kwa kuwa kila jukumu huondoka pamoja na mamlaka yake. Anayelipa nauli yake ndiye anayeamua kuhusu safari zake. Anayeenda kliniki mwenyewe ndiye anayejua daktari alisema nini.

Chagua mistari miwili au mitatu yenye W. Tafuta wakati wa utulivu, kamwe usiwe katikati ya ugomvi wala mbele ya wageni, na useme kwa uwazi:

"Mama, naomba kuanzia mwezi huu nguo zangu na miadi yangu ya daktari nivishughulikie mwenyewe. Nikisahau, naomba usinikumbushe. Nikikwama kabisa nitakuja kukuuliza."

Maneno "usinikumbushe" ndiyo yenye uzito. Mzazi akiendelea kukumbusha, jukumu halijahama, limeazimwa. Na utasahau. Utakosa miadi, au utavaa shati lisilofuliwa siku unayotaka kupendeza. Iache hasara ikufikie. Hasara ndogo za namna hii ndizo ada ya masomo haya, na ni afadhali uzilipe ukiwa bado chini ya paa la mtu.

Tahadhari. Usichukue jukumu ambalo kulishindwa kunamuumiza mwingine, kama dawa za mdogo wako au bili ya nyumba nzima, kabla hujathibitisha kwa miezi kadhaa kwamba yako binafsi unayaweza.

Wazazi wengine watakuwa wagumu, na si kwa ubaya. Mtu aliyezoea kukulinda kwa miaka 18 naye anapitia badiliko, na hakuna aliyemwandalia mwongozo. Usishindane kwa hoja. Fanya jambo moja dogo bila kukosa kwa wiki nane, kisha uombe linalofuata. Maswali ya "umeshafanya?" yanayeyuka taratibu, na siku utakapogundua kwamba hayajaulizwa kwa muda, chukua mistari mingine mitatu.

## Hatua ya 3: Amka mwenyewe

Hatua fupi, lakini bila hii nyingine zote hulegalega. Kipindi cha balehe saa ya mwili husogea mbele: melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huanza kutolewa usiku zaidi kuliko ilivyokuwa utotoni. Kijana anayekesha hivyo si lazima awe mvivu. Bado anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi mpaka miaka 18, na angalau 7 baada ya hapo.

Usiku weka simu mbali na kitanda, na uwe na saa ya kuamkia inayokulazimu kusimama. Panga muda wa kuamka usiobadilika sana hata siku za mapumziko, kwa sababu kulala hadi mchana siku mbili kunaivuruga saa ya mwili. Ukiamka wiki nne bila kugongewa mlango, endelea.

## Hatua ya 4: Pesa, kwa mpangilio huu

Usianze na bajeti. Bajeti ya mtu asiyejua anatumiaje ni hadithi ya kubuni.

Kwanza, andika kila kinachotoka kwa mwezi mmoja. Kila kitu, hata kidogo, siku hiyo hiyo. Usijihukumu wala kujizuia mwezi huu, unapima tu. Mwisho wa mwezi utaona tundu lako liko wapi, na mara nyingi si pale ulipodhani.

Pili, gawanya kinachoingia kabla hakijaguswa. Kila fungu liwe na kazi yake: ya lazima, ya akiba, ya kusaidia wengine, ya kujifurahisha. Fungu la kusaidia wengine huachwa nje na miongozo mingi, na ndilo linalobomoa bajeti za vijana wanaoanza kupata. Ndugu wataomba, na mengi ya maombi hayo yatakuwa ya haki. Likiwa na kiwango chake, unaweza kusema "mwezi huu nimebakiwa na kiasi hiki tu" bila kudanganya na bila ugomvi. Fungu la kujifurahisha nalo usilifute. Anayejinyima kila kitu huvunja mpango wote kwa siku moja.

Tatu, jenga akiba ya dharura ya matumizi ya mwezi mmoja, kisha miezi mitatu. Kuwa nayo ndiyo tofauti kati ya simu iliyovunjika na deni.

Nne, lielewe deni kabla hujaligusa. Chukua mkopo wa 100 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Unasikika mdogo. Usipolipa chochote, na riba ikawa inaongezwa juu ya deni kila mwezi, baada ya miezi 12 unadaiwa karibu 314. Mikopo ya papo kwa papo kwenye simu hutaja riba ya siku au ya wiki kwa sababu namba ndogo haitishi. Igeuze kuwa ya mwaka kabla ya kubonyeza.

Tahadhari. Usiweke sahihi ya udhamini kwa rafiki ili "kumsaidia tu". Asipolipa, deni ni lako.

Sasa jaribio ninalolipenda kuliko yote katika mwongozo huu. Kabla ya kuhama, ulizia kodi ya chumba unachokitaka, ongeza chakula, usafiri na bili zake, kisha kila mwezi uondoe kiasi hicho chote na kukipeleka mahali usipokigusa, kana kwamba tayari unaishi huko. Kama nyumbani tayari unachangia, mchango huo uhesabu humo. Fanya miezi mitatu mfululizo. Ukiweza bila kukopa, uko tayari kifedha na tayari una akiba ya kuanzia. Ukishindwa mwezi wa pili, umeshindwa bila kufukuzwa na mwenye nyumba, na pesa ya mwezi wa kwanza bado unayo.

## Hatua ya 5: Afya yako iwe na jina lako

Andika ukurasa mmoja: kundi lako la damu, mzio, magonjwa uliyowahi kulazwa nayo, dawa unazotumia na dozi zake, chanjo ulizopata, magonjwa ya kurithi katika ukoo. Yale usiyoyajua muulize mama au baba sasa hivi, wakati wanakumbuka.

Kama unaishi na ugonjwa wa muda mrefu, kama selimundu, kisukari, kifafa, pumu au VVU, simama hapa. Kuhama kutoka kliniki ya watoto kwenda ya watu wazima ni kipindi cha hatari halisi: wengi hukosa miadi, dawa hukatika, na hurudi hospitalini wakiwa katika hali mbaya. Kwenye kliniki ya watoto wewe hubaki mgeni wa mazungumzo, daktari anaongea na mzazi. Miezi kadhaa kabla ya kuhamishwa, omba kuingia kwa daktari peke yako kwa sehemu ya miadi, ujifunze kueleza ugonjwa wako kwa sentensi tatu, na usiondoke bila barua ya uhamisho, tarehe ya miadi ya kwanza kliniki mpya na dawa za kukufikisha huko.

Akili nayo ni afya. Sehemu kubwa ya matatizo ya afya ya akili ya watu wazima huanza katika miaka hii, kwa hiyo usiyaite "mambo ya ujana" yakapita. Huzuni inayokaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, kupoteza hamu ya ulivyovipenda, usingizi na chakula kuvurugika: hayo ni ya kumpelekea mtaalamu. Mawazo ya kujiua hayasubiri miadi. Mwambie mtu leo, na msiachane mpaka mmefika penye msaada. Ukiona rafiki yako anazungumza hivyo, usikubali kutunza siri hiyo.

## Hatua ya 6: Sahihi

Katika nchi nyingi, ukifika miaka 18 sahihi yako inakufunga. Mkataba wa nyumba, wa kazi, wa mkopo, hata masharti unayobonyeza "nakubali" kwenye simu. Soma mambo matano kabla ya kusaini: unalipa nini, lini, mkataba unaisha vipi, ukivunja unatozwa nini, na nani anabaki na nakala. Anayekuharakisha usaini leo leo amekupa sababu ya kungoja hadi kesho. Nakala ikae kwenye faili lako.

## Hatua ya 7: Marafiki na mapenzi

Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha utafiti uliowakalisha watu wa rika tatu kwenye mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari, baadhi peke yao na baadhi mbele ya wenzao. Wenye miaka 13 hadi 16, na wale wa 18 hadi 22, walijihatarisha zaidi walipokuwa na wenzao, wadogo zaidi wakiongoza. Wenye miaka 24 na zaidi karibu hawakubadilika. Wenzao hawakulazimika kuwashika mkono, kuwepo kulitosha.

Hakuna haja ya kuwakimbia marafiki. Jiwekee kanuni moja: uamuzi wowote wa pesa, mwili, pombe, chombo cha moto au sahihi haufanyiki ukiwa kundini. Jibu lako liwe tayari mdomoni: "Nitawajibu kesho." Likirudiwa mara tatu bila maelezo, watu huzoea. Wanaokucheka kila unapolisema wamekusaidia kujua nafasi yao.

Kwenye mapenzi, kipimo changu ni kimoja: unaweza kusema hapana kwa mtu huyu na usiku ukapita salama? Kama jibu linakutia hofu, huo si uhusiano wa kujengea maisha. Yeye naye awe na haki hiyo hiyo kwako, na ridhaa ya jana haihesabiki leo. Mazungumzo ya kinga, mimba na vipimo yafanyike mchana mkiwa mmevaa nguo, maana baadaye hayafanyiki.

## Hatua ya 8: Mwezi wa majaribio

Sasa unganisha yote. Kwa siku 30 ishi kana kwamba wazazi wamesafiri, hata kama mko nyumba moja. Waombe wasikuguse: chakula chako, usafi wako, pesa zako, miadi yako, maamuzi yako. Kila ulipokwama, andika. Mwisho wa mwezi rudi kwenye orodha ya Hatua ya 1 ubadilishe alama.

S zikiwa zimekwisha na W zimebaki chache ulizokubaliana nazo kwa hiari, mengine ni uchaguzi. Hama ukitaka. Ukibaki, baki kama mtu mzima katika nyumba ya watu wazima: una mchango unaojulikana, wa pesa au wa kazi, na hakuna anayekufuata nyuma. Sioni aibu yoyote kwa mtu wa miaka 27 anayeishi hivyo na wazazi wake. Naiona kwa wa miaka 27 aliyepanga chumba na bado anapeleka nguo kwa mama.

## Ukikwama

Umeshahama na mambo yameharibika. Rudi kama mlango uko wazi, lakini usirudi bila tarehe. Siku ya kwanza waambie wazazi deni ni kiasi gani, utachangia nini nyumbani na unakusudia kuondoka lini, kisha anza Hatua ya 4 tangu mwanzo.

Hujui unataka kuwa nani. Katika umri huu hilo ni la kawaida. Mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alikipa jina kipindi cha miaka 18 hadi 25 katika makala yake ya mwaka 2000, na alama yake kuu ni kutafuta-tafuta huko. Usikae ukiwaza. Jaribu kazi au fani kwa miezi mitatu ukiwa na kazi halisi ya kufanya, andika kilichokuchosha na kilichokufanya usahau saa, kisha jaribu nyingine. Majukumu ya orodha yako hayangoji upate jibu.

Huna wazazi, au waliopo si salama. Hatua ya 2 ifanye na yule mtu mzima uliyemwandika mwanzoni. Mwombe kazi mbili: apokee simu yako ukikwama, na akuulize mara moja kwa mwezi hali ya pesa na afya yako. Kama kwenu kuna kipigo au unyanyasaji, usingoje miezi mitatu ya majaribio. Chukua faili la nyaraka uondoke kwenda kwa mtu huyo, polisi au ustawi wa jamii, mengine yatapangwa ukishakuwa salama.

Umelazimika kuwa mtu mzima mapema. Kuna wanaosoma haya wakiwa tayari wanalea wadogo zao. Orodha yako itakuwa na M kila mstari. Kwako kazi ni kinyume: tafuta mistari miwili ya kumkabidhi mtu mwingine, hata mdogo wako wa miaka 12 anayeweza kufua nguo zake, kisha muda uliopatikana uutumie kulala na kwenda kliniki uliyoiahirisha.